Nyinginezo

Saa kumi na moja alfajiri Chitanda anapiga honi mara moja,
si mbili, maana Bi Somoe mwenye nyumba yuko kwenye swala.
Ndoo nne za mabibo, zimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki,
zimevuja njia nzima kutoka Naliendele,
na nyuki wawili wamekuja nazo bila nauli.

Bibo halisubiri.
Uliokote asubuhi, jioni limeshakukana.
Korosho ina ghala, ina stakabadhi, ina mnada,
ina wavaa tai wa kubishania bei yake;
bibo, lililoishika mkono mpaka ikakomaa,
linanyofolewa, linaachiwa mchanga na mbuzi.
Nilikuwa karani wa mizani pale chamani, misimu tisa.
Niliandika kilo hadi kidole kikaota sugu.
Hakuna aliyewahi kuuliza: na bibo je, kilo ngapi?

Chumba cha pili, hapa Chikongola, kilikuwa cha wageni.
Sasa wageni wanalala sebuleni
na mapipa manne ya bluu yamerithi feni.

Naosha. Nakamua. Namimina uji mwepesi wa mhogo,
ukakasi uzame usiku kucha kama tope la kisima.
Kisha sukari, kijiko cha hamira, mfuniko,
na mpira wa dripu alionipa wifi yangu Fidea
(mpya, ameapa kwa watoto wake),
ncha yake ndani ya chupa ya maji.
Halafu kazi yangu ni kusikiliza.
Bu.
Kimya.
Bu.
Kama mtoto aliyefundishwa herufi moja
akaipenda.

Msimu wa kwanza nilikuwa na haraka, nikaziba chupa mapema.
Saa nane usiku zikaanza kulipuka, moja moja,
kisha kumi na moja kwa pamoja.
Jirani akatoka na shuka akipiga kelele, "Gesi! Gesi!"
Nikasimama mlangoni, nimelowa, nanuka sukari, nikamjibu:
ile ya Mtwara ilishapanda bomba ikaenda zake,
hii ni yangu, imegoma kusafiri.

Bi Somoe hakucheka. Alikuja na ufagio na gunia lililoloweshwa.
"Mimi kinywaji chako sikijui na sitaki kukijua," akasema,
"ila chupa zinazohema hufunikwa na kitu kizito."
Tukafagia vioo wote wawili hadi adhana.
Kodi hakupandisha.

Juzi kaja afisa biashara, kijana, viatu safi,
fomu imebanwa kwenye ubao.
"Bia?" Siyo bia.
"Mvinyo?" Mvinyo wana zabibu, wana Dodoma yao.
"Juisi?" Nikamwambia anuse.
"Basi andika uraka, mama, tumalize."
Uraka ni wa bibi yangu, nikamwambia,
ulikamuliwa mtumbwini, ukanywewa kwa kata siku ileile,
kesho yake ni siki na ugomvi.
Hii imekaa gizani wiki sita. Imefunzwa.
Akaonja tone kwenye kifuniko, kikazi,
akaonja la pili, si kikazi,
akashuka na kalamu hadi chini kabisa ya karatasi
na kutia tiki: *Nyinginezo*.

Nimelibeba neno hilo siku tatu.
Nimelipima kama kilo.
Sijui kama ni tusi au ni kiwanja kisicho na mwenyewe.

Daftari linasema: chupa arobaini na mbili,
tisa zimeliwa na mkopo wa shemeji, mbili nimekunywa mimi,
sukari imepanda, vizibo vimekwisha,
faida ni elfu kumi na nane na vidole vyenye madoa
ambayo sabuni imeyakiri kuwa si yake.

Simu inaita. Ni Chitanda, yuko juu ya pikipiki, upepo mtupu:
"Kesho nilete nne?"
Natazama chumba cha pili. Hakuna pa kukanyaga.
Bu, linasema pipa la mlangoni.
"Lete sita," namwambia,
kisha natoka kwenda kumwazima Bi Somoe ndoo.